Lipu ya Chumba cha Yaya

Watu wa mahemani waliambiwa lori litakuja kuwachukua. Siku hawakuambiwa. Wakubwa hawapendi kutaja siku, maana ukitaja siku watu watakuuliza. Walisema tu kwamba mahema yataondolewa, na kila aliyechukuliwa nyumba na ziwa atapelekwa huko juu milimani, mbali, apewe kiwanja na mabati. Huko hakuna ndagala, dagaa wa ziwa letu, hakuna mafuta ya mawese. Kuna baridi na viazi.

Yaya Ernestina alikuwa mmoja wao. Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa upande huu wa ziwa, na kwa tumbo la mama yetu tumebaki mimi na yeye tu. Nyumba yake ilikuwa chini kabisa Rumonge, karibu na mwalo wa mitumbwi. Maji yalipopanda yaliingia kwanza jikoni, halafu chini ya kitanda, halafu hayakutoka tena. Wakubwa walikuja na magari, wakapiga picha, wakampa shitingi, turubai la plastiki la kujifunika, na sufuria. Sufuria ilitoboka. Shitingi anayo mpaka leo, imebaki viraka vitupu.

Mimi ninaitwa Pontiani. Nina nyumba ya matofali mabichi upande wa juu wa barabara, maji hayajafika huko. Naishi peke yangu tangu mke wangu Scovia afe. Alikufa kwa sababu gari la wagonjwa halikuwa na mafuta, na siku hiyo hiyo magari ya wakubwa yalikuwa yanapita barabarani, yanakwenda Nyanza-Lac na kurudi. Hapo siongezi neno. Watoto wangu wako Bujumbura, mmoja Kigoma, wanapiga simu. Lakini simu haili ugali. Na ugali wa mtu mmoja haupikiki: ama unaungua, ama unabaki mbichi katikati.

Basi niliposikia habari ya lori nikapanda mpaka mahemani.

"Amahoro, Yaya."

"Amahoro, mutoto wa mama. Umekuja kuangalia kama nimekufa?"

"Nimekuja kukuchukua. Kuna chumba kwangu."

"Chumba gani? Kile marehemu alikuwa anaweka madumu ya mawese?"

"Madumu nimetoa."

"Kile ukuta wake unamwaga vumbi! Nililala mule siku za matanga, nikaamka mdomo umejaa udongo kama maiti. Hapana, Ponti. Shitingi yangu inavuja, lakini hainiziki."

Wenzake wa hema la jirani wakacheka, naye akacheka kidogo, kwa pua. Halafu akaacha kucheka. Akasema, bila kuniangalia, "Mimi nilikuwa na nyumba yangu. Siwezi kwenda kuwa mgeni wa mtu uzeeni, hata kama mtu mwenyewe nilimbeba mgongoni."

Nilishuka nikifikiri njia nzima. Neno la ugeni sikujua dawa yake. Lakini vumbi dawa yake nilijua. Ni lipu. Nikasema nikimaliza vumbi, atakuwa amebakiwa na neno moja tu la kukataa, na neno moja linashindika.

Nikamwita Asmani. Asmani ni fundi mwashi, Mswahili wa hapa hapa Rumonge, babu yake kazaliwa hapa. Mimi ananiita Mtanzania kwa sababu nilikulia kule ukimbizini, na kila tukikutana lazima anikumbushe.

"Mtanzania, leo unajenga?"

"Nataka kupiga lipu chumba cha dada yangu."

"Huku kwetu tunasema krepi."

"Sema utakavyo, ukuta hausikii."

Akaingia, akakwaruza tofali kwa ukucha, vumbi likamwagika kwenye kiatu chake. Akatikisa kichwa kama daktari anayetaka kukuandikia dawa ya ghali.

"Kuna udongo, kuna chokaa, kuna sima, ile munaita saruji kule kwenu," akasema. "Udongo ni kazi ya wanawake. Chokaa haipo. Imebaki sima."

"Chokaa ipo. Si ile wanagawa kwa mashamba?"

"Ile?" Akashika tumbo kwa kucheka. "Ile ni jiwe limesagwa tu, halijaingia motoni. Paka hiyo, uone. Dada yako ataamka mahindi yameota kitandani."

"Nilisikia kule kambini kwamba sima na tofali bichi havipatani."

"Kule kambini mulikuwa na sima?"

"Hapana."

"Basi munajuaje? Tutapiga misumari ukutani, tutafunga wavu wa kuku, sima itashika kama kupe."

Nilikubali. Sikukubali kwa sababu ya misumari. Nilikubali kwa sababu nilitaka Yaya aone ukuta wa sima, laini, wa kijivu, kama wa nyumba ya mtu wa komini, wa ofisi ya serikali. Nilitaka aseme, Ponti amenifanyia kitu.

Lakini kupata sima ni shida kama kupata visa. Mifuko inafika, wenye simu za wakubwa wanapigiwa, ukifika wewe unakuta muuzaji anafagia sakafu. Asmani alizunguka na mimi mpaka tukapata mifuko ya kututosha kwa mtu aliyesimamisha ujenzi wake. Mfuko wa kwanza Asmani akaukataa. Alifungua pembe, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa na bonge.

"Sima nzuri inakuwa baridi ndani, inateleza kama unga," akaniambia. "Ukikuta bonge, lifinye. Likivunjika kwa vidole, sawa. Hili halivunjiki. Hili ni jiwe limevaa karatasi."

Mwenye mifuko akakasirika, lakini akatupa mingine. Wavu wa kuku hatukupata popote. Asmani akasema misumari itatosha.

Ukabaki mchanga. Mchanga mzuri wa lipu uko mtoni, lakini mtoni wameweka kibao: marufuku kuchimba. Nadhani malori ya wakubwa hayajui kusoma, kwa maana yanashuka pale matupu na kupanda yamejaa. Mimi niliyesoma mpaka la tatu nilikisoma kibao vizuri sana, nikarudi na baiskeli yangu.

Ilikuwa miezi ile ziwa limefungwa. Wakubwa wa nchi zote zinazozunguka ziwa walikaa wakakubaliana kwamba samaki wapumzike, wazae. Vizuri. Samaki wanapumzika, sisi tunafunga bila Kwaresima. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa juu, taa zimewekwa ndani. Na ule uwanja wa chini, ambako wanawake wanatandaza ndagala juu ya mchanga zikauke, ulikuwa mtupu. Mchanga mweupe, mlaini, umefagiwa na upepo. Nilisimama na baiskeli yangu nikautazama.

Mwanahamisi, anayeanika pale miaka yote, alikuwa amekaa anasuka mkeka kwa kukosa kazi. Nikamuuliza.

"Chukua, baba, chukua," akasema. "Ziwa likifunguliwa ziwa lenyewe litaniletea mwingine."

Asmani alipouona aliusugua kati ya viganja karibu na sikio. "Unalia," akasema, "punje zake ni kali." Kisha akadai chupa. Unatia mchanga, unatia maji, unatikisa, unaacha. Mchanga mchafu unaacha tope juu. Wetu ulitulia, maji yakabaki safi kama ya kunywa. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba unaong'aa rangi rangi.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Chupa yako ilikuwa na nini?"

"Mawese."

"Basi unaniuliza nini?"

Tukacheka wote wawili. Rumonge nzima huwezi kupata chupa isiyowahi kukaa mawese. Tukaumwaga utando, tukasahau.

Harufu hatukusikia. Na msomaji wa mbali asije akatuona wajinga. Sisi tumezaliwa ndani ya harufu ya ndagala. Iko kwenye shuka, kwenye pesa, kwenye nywele za watoto. Mtu wa Rumonge kusikia harufu ya ndagala ni kama kusikia harufu ya pua yake mwenyewe.

Kazi tuliifanya vizuri, hilo nalisema mpaka kesho. Tulilowesha ukuta kwanza usije ukanyonya maji ya sima mbichi. Asmani akarusha, mimi nikachanganya. Akapitisha ubao, akasugua na kipande cha godoro kilicholowa. Chumba kikawa kijivu, laini, kimetulia. Asubuhi na jioni nilinyunyiza maji kama mtu anayelea bustani. Nilikaa mlangoni nikijaribu kufikiri kitanda cha Yaya kitakaa upande upi, na nikamtumia neno kwamba vumbi limekwisha, aje aone Jumapili baada ya misa.

Jumapili hakuja. Alikuja paka.

Alikuwa paka wa jirani, mwekundu. Nilimkuta chumbani amesimama kwa miguu ya nyuma, anaramba ukuta. Nikamfukuza. Nilipogeuka alikuwa ameleta mwenzake. Kesho yake walikuwa kundi, wamekaa chini wakiutazama ukuta kama watu wanaotazama mpira. Halafu wakaja sisimizi, mstari mmoja kutoka dirishani mpaka kwenye pembe, kazi tupu.

"Iko panya amekufa ndani ya paa," Asmani akasema. Tukapanda, tukafunua mabati. Hakuna panya.

"Basi paka wanakutafutia mke," akasema. "Wanajua mwanamume akikaa peke yake sana ananuka."

"Wewe una mke na unanuka."

Wakati tunabishana, kivuli kikaingia mlangoni. Alikuwa Mardochée, mtu wa serikali hapa zone yetu, yule anayepita kuhakikisha hakuna anayevua wala kuuza samaki wakati ziwa limefungwa. Ni mtu wa milimani juu, wa Mugamba, amelelewa na ng'ombe na ukungu. Alikuwa hajamaliza mwaka hapa kwetu. Alikunja uso kabla hata ya kusalimia.

"Mzee, hapa iko ndagala."

"Hapa iko mimi na Asmani."

"Iko ndagala. Nyingi. Nasikia tangu barabarani."

"Shefu, ziwa mumelifunga wenyewe. Ndagala zitatoka wapi, mbinguni?"

Akafungua kabati. Akainua godoro. Akaenda jikoni, akachungulia ndani ya chungu cha maharagwe. Mimi nilikuwa namfuata nyuma nikisema yote niliyokuwa nayo moyoni, ya mafuta, ya gari la wagonjwa, ya kibao cha mtoni, ya shitingi, ya sima, na yeye anainua vifuniko tu. Mwisho akarudi chumba cha Yaya, akaenda pua mbele, akafika ukutani, akasimama. Akanusa juu, akanusa chini. Akaniangalia, na naapa sijawahi kuona mtu wa serikali amechanganyikiwa namna ile.

"Ni ukuta," akasema.

"Ukuta hauvui, shefu."

"Nitarudi," akasema, akatoka akifuta pua. Alipofika barabarani watu walikuwa wamejaa tayari.

Habari za Rumonge hazitembei, zinapanda pikipiki. Kabla ya jioni sokoni walisema Pontiani amekamatwa na gunia. Huko Minago walisema magunia. Mahemani zilifika zikiwa na pingu.

Asubuhi iliyofuata nikasikia sauti ya Yaya kabla ya kumwona.

"Ponti! Uko wapi, mwizi wa ndagala?"

Alikuwa amefunga kitenge kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana, fimbo mkononi. Asmani, aliyekuwa amekuja kunywa chai, akasimama nyuma yangu.

"Yaya, mimi sijaiba kitu."

"Wanasema umeficha ndani ya ukuta. Ndani ya ukuta! Baba alikufa ugenini na njaa yake, hajagusa hata muhogo wa mtu!"

"Ingia uone mwenyewe."

Akaingia. Kwenye mlango wa chumba akasimama. Yeye alikuwa amekaa mahemani muda mrefu, mbali na mwalo, hana samaki, hana kazi yake. Pua yake ilikuwa imezaliwa upya. Akaweka kiganja ukutani, akakinusa. Akaramba ncha ya kidole.

"Muchanga mulitoa wapi?"

Asmani akaanza kuangalia miguu yake.

"Kwa Mwanahamisi," nikasema.

"Pale tunapoanika?"

"Palikuwa patupu, Yaya. Ziwa limefungwa."

"Ziwa limefungwa! Na mafuta nayo waliyafunga? Miaka yote ndagala zinatoa jasho pale chini, magamba, vichwa, vumbi lake, yote yanaingia humo humo. Nimeanika pale tangu tulipotoka ukimbizini. Na wewe umechukua, umechanganya na sima, umenipakia ukutani?"

Nilifikiri atanipiga. Fimbo ilikuwa inatetemeka. Halafu nikaona siyo fimbo, ni mabega. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akapiga sakafu kwa kiganja, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Tangu maji yaingie jikoni kwake sikuwa nimemsikia anacheka kwa tumbo.

"Umenitengenezea chumba cha paka," akasema. "Mungu wangu. Paka wa mkoa mzima watakuja kuhiji."

"Mama, hata hivyo krepi yenyewe imeshika," Asmani akasema. Afadhali angenyamaza.

Yaya akainuka, akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole. Ukalia ko, ko, kama debe tupu. Akasogea, akagonga tena. Ko. Akaingiza ncha ya fimbo kwenye ufa mdogo karibu na dirisha, akasukuma. Kipande kikubwa kama meza kikaachia taratibu, kikashuka chote kwa pamoja kama ganda la muhogo uliochemka, na misumari yake. Nyuma yake tofali zilikuwa pale pale, kavu, hazikuwa hata zimeguswa.

"Ukuta huu ulikuwa na tatizo tangu mwanzo," Asmani akasema.

"Tatizo lake ni wewe, Asmani. Tofali bichi linakunywa maji, linavimba, linanywea. Sima hainywei. Umemvika mutoto mchanga koti la chuma."

Mimi hasira ikanipanda, lakini siyo juu ya Asmani. Nikaanza. Ni wakubwa hawa, nikasema, wangetuacha tuchimbe mtoni kama malori yao, wangeleta chokaa ya kweli, wasingefunga ziwa hata uwanja ukabaki wazi namna ile.

Yaya akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Wakubwa ndio walikupakilia muchanga kwenye baiskeli?"

Niliitazama baiskeli kule uani, naye akaendelea.

"Kwa mengine siwatetei. Nyumba yangu iko ndani ya maji na mimi naona wanapita. Lakini lipu hii, Ponti, ni yako. Kwa nini hukuniuliza? Kule kambini nani alikandika nyumba ya mama?"

"Wewe."

"Na ya mchungaji? Na ya yule mwalimu?"

"Wewe, Yaya. Nilitaka ukute tayari."

"Tayari kwa nini? Mimi nimesema nakuja?"

Nilikuwa naangalia kile kipande kilichoanguka. Kilikuwa kimevunjika sakafuni na sisimizi wameshakipata. Maneno niliyokuwa nimepanga njia nzima ya mahemani, ya chumba, ya mabati, ya baridi ya milimani, sikuyaona tena. Nikasema lililobaki.

"Ukienda huko juu, mimi nitakula na nani?"

Asmani akatoka nje bila kuaga. Ni fundi nusu, lakini ana adabu nzima.

Yaya alisukuma vipande kwa ncha ya fimbo. Baadaye akasema, "Una jembe?"

Nikapewa kazi. Tulibomoa sima yote, tukaitoa nje mbali, na paka wakaifuata. Kisha akanituma kuleta udongo wa kichuguu, ule mwekundu unaonata, lakini wa ndani siyo wa juu wenye mizizi. Aliukanda kidogo, akausokota kama kamba kati ya viganja, akaizungusha kidoleni. "Ikikatika, una muchanga mwingi. Hii haikatiki. Hii peke yake itapasuka, inataka mwenzake." Mchanga akanionyesha ule unaoletwa na mvua kwenye mtaro wa barabara, ambao hauna kibao. Tukauosha mpaka maji yakatoka meupe. Akataka majivu. Akataka mavi ya ng'ombe, mabichi. Nilipomuuliza kama tukate majani ya kuchanganya, akaniangalia kwa huruma.

"Uko Rumonge na unatafuta majani? Nenda kwa wakamuaji wa mawese, chukua makapi. Siyo ya leo, yana mafuta, utanirudishia paka. Chukua ya zamani, yaliyonyeshewa, yamekuwa kama nywele za mzee."

Asmani alirudi, akasema kwamba hajaja kufanya kazi ya wanawake, akavua viatu akaingia kwenye tope kukanyaga.

Lakini Yaya hakupaka ukuta mara moja. Alipaka viraka, kila kimoja na mchanganyiko wake, na chini ya kila kimoja akachora alama kwa ukucha. Unene wa kidole gumba. "Ukuta unachagua wenyewe," akasema. "Sisi tunangoja." Nikamwambia arudi tu mahemani, nitaangalia mimi. "Wewe utachagua kinachopendeza macho," akasema, na akatandika mkeka sebuleni. Alisema ni kwa ajili ya viraka.

Kwa hiyo nikapika ugali wa watu wawili. Sisemi ulikuwa mzuri. Yeye alisema una mabonge. Lakini uliiva katikati.

Kiraka kimoja kilipasuka kama kisigino cha mkulima. Kingine ukikipangusa, kinabaki mkononi. Cha karibu na dirisha, chenye makapi mengi na majivu kidogo, kilikaa kimya, na ulipokigonga kilijibu kwa sauti nzito. Yaya akakipiga kofi dogo, kama unavyompiga mtoto aliyefaulu, na tukaanza ukuta mzima.

Tulikuwa katikati ya kazi, yeye tope mpaka kwenye viwiko, Mardochée alipofika. Alikuwa anahema.

"Mama Ernestina, lori iko barabarani. Wenzako wamepanda. Wanakungoja wewe."

Mimi nilikuwa nimeshika ndoo. Sikuiweka chini wala sikuipandisha. Yaya aliendelea kupitisha kiganja ukutani, kutoka chini kwenda juu, kutoka chini kwenda juu.

"Murakoze, asante mwanangu," akasema. "Ukuta mubichi hauachwi."

"Mama, lori haitarudi tena."

"Nimesikia."

"Kiwanja kitapewa mwingine."

"Apewe. Yuko mwenye watoto." Akageuka kwangu. "Ndoo, Ponti. Umelala?"

Mardochée akabaki amesimama. Nikaona pua yake inaanza kutafuta tena, nikajiandaa kwa maneno. Akanusa ukuta mbichi, udongo, majivu, mavi ya ng'ombe, na uso wake ukalegea.

"Sasa inanuka kama kwetu," akasema pole pole, kama mtu aliyesikia jina la mama yake. Akasimama kidogo zaidi. "Nitawaambia mama amepata pa kukaa."

Sipendi watu wa zone, na siombi radhi kwa hilo. Lakini yule nilimpa maji ya kunywa, na kiti akakalia.

Lori lilipita chini barabarani linapiga honi. Wanawake walikuwa wanaimba, wengine wanalia, wakaita, "Ernestina we! Ernestina!" Yaya alitoka mpaka uani, akainua mkono wenye tope juu ya kichwa, akauacha pale pale mpaka lori likazunguka kona. Alipoingia alichota tope jingine. Tulifanya kazi mpaka ukuta ukaisha.

Ulipokauka ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilipitisha mkono, hakuna vumbi. Asmani alikuja na kitanda alichotengeneza kwa mbao za ujenzi, akauangalia ukuta, akasema si mbaya kwa krepi isiyo na sima. Nikawaza kazi imekwisha.

Yaya alikuwa anazunguka chumba na kipande cha mkaa.

"Ponti, mulango uko wapi?"

"Huo hapo umeingilia."

"Huo ni wako, unapita sebuleni kwako. Nauliza wangu."

"Wako vipi, Yaya?"

"Mgeni ndiye anapita sebuleni kwa mwenye nyumba, anaamkia, anaaga, anaeleza anakwenda wapi. Mimi nataka kutoka nje bila kumwambia mutu. Na mafiga yangu nitayaweka hapo nje. Siku nikitaka nitakupikia. Siku sitaki, utagonga."

Kisha akachora mkaa kwenye ukuta wetu mpya, mstari wa kupanda, mstari wa juu, mstari wa kushuka, upande wa nje unaotazama kichuguu.

"Yaya! Lipu imekauka jana!"

"Na leo itakatwa. Kwani mikono umeiuza? Utakandika tena."

"Hapo kwenye miimo," Asmani akasema, "lazima tuzungushe kidogo sima, kwa sababu..."

"Asmani!" tukasema wote wawili.

Akainua mikono juu, akaenda kuleta nyundo na tindo. Mimi nikashika ubao kwenye mstari wa mkaa ili ukato uende sawa, na Yaya akasimama nyuma yangu na mkono kiunoni, anasema pandisha kidogo, si hivyo, shusha, mimi sina kimo cha twiga, tena kidogo, hapo, shika hapo hapo.